Mkono umelala, lakini mwili haujatulia

"Dokta, kidonda kimefunga, hogo limetolewa, mbona mkono unazidi kuisha?" Swali hili nalisikia mara kwa mara, na mara nyingi anayeuliza si mgonjwa bali mama yake au mkewe, yule anayemwogesha na kuona kinachofichwa na shati. Anaona bega limebonyea, ngozi imekauka, kucha zimepinda, vidole vya baridi hata saa saba mchana. Kwake yeye ajali ilikwisha siku ile ile barabarani. Kwa hiyo kinachoendelea sasa lazima kiwe kitu kingine: damu imeganda, dawa hazikufaa, au kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Neva kubwa za mkono zikiumia vibaya, mwili unaanza kubadilika siku hiyo hiyo na unaendelea kubadilika kwa miaka miwili hivi, kwa mpangilio unaoeleweka. Baadhi ya mabadiliko hayo hatuwezi kuyazuia. Mengine tunaweza, na kinachoniudhi ni kwamba haya yanayozuilika ndiyo yanayopuuzwa, kwa sababu nyumba nzima inasubiri mkono "uamke" kwanza ndipo ihangaike nao.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mwanza. Wagonjwa wananiita dokta wa mazoezi, nimeshazoea. Wanaoletwa na majeraha haya kwa wingi ni vijana wa bodaboda na abiria wao, wa Igoma, Buhongwa, Kisesa, na wale wa barabara kuu ya kwenda Musoma au Shinyanga. Wengine wanatoka visiwani Ukerewe au ng'ambo Sengerema, wakiwa wameshapita kwingi kabla ya kufika. Wapo pia waliokatwa panga, waliovunjika mfupa wa mkono wa juu, na watoto wachanga waliovutwa bega wakati wa kuzaliwa. Leo nitakaa zaidi na hawa wa pikipiki, maana jeraha lao ndilo linalogusa mwili mpana zaidi.

Neva za mkono zinatoka kwenye uti wa mgongo kwa mizizi mitano: minne ya chini ya shingo na mmoja wa juu kabisa wa kifua. Mizizi hiyo inaungana na kugawanyika nyuma ya mtulinga, inapita kwapani, kisha inashuka hadi ncha za vidole. Mtu akirushwa na pikipiki akaangukia bega, bega linazuiwa na lami na kichwa kinaendelea upande wa pili. Nafasi kati ya shingo na bega inafunguka kwa nguvu, na kinachovutwa hapo ni mizizi ile. Kofia ngumu inaokoa ubongo, na hilo si dogo, lakini haina la kufanya kwa bega. Mizizi ya juu inahusika zaidi na kuinua bega na kukunja kiwiko, ya chini na kazi za kiganja na vidole. Ndiyo maana yupo anayeshindwa kunyanyua mkono lakini bado anashika kalamu, na yupo ambaye kuanzia bega hadi kidole gumba hakuna kinachojibu.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza, Herbert Seddon, aliyagawa majeraha ya neva katika madaraja matatu, na mgawanyo huo unatumika mpaka leo. Katika daraja la kwanza neva imebanwa au imevutwa, imezima lakini haijakatika. Hii hurudi yenyewe, kwa siku, wiki au miezi michache. Katika la pili nyuzi za ndani zimekatika lakini maganda yake yamebaki, kwa hiyo nyuzi mpya zinaweza kuota ndani yake. Katika la tatu neva yote imekatika, na bila upasuaji usitegemee kitu. Kwa mizizi ya shingoni kuna hali nyingine mbaya zaidi ya hizo: mzizi kung'oka kwenye uti wa mgongo wenyewe. Kamba ya mtumbwi ikikatika katikati utaiunga; iking'oka pamoja na kigingi chake, huna pa kuifungia. Hapo daktari wa upasuaji anachoweza kufanya ni kuazima neva nyingine iliyo hai, kwa mfano zile za katikati ya mbavu, na kuielekeza kwenye msuli unaohitajika zaidi.

Neva ikishakatika, kipande cha chini hakibaki kikisubiri. Augustus Waller alionyesha mwaka 1850, kwa kuchunguza neva za ulimi wa chura, kwamba nyuzi zilizotenganishwa na chanzo chake huvunjikavunjika zote, hata sehemu zilizo mbali na mkato. Seli za mwili huzisafisha na kuacha maganda matupu. Lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na kabla haijakamilika kipande cha chini bado hupitisha umeme ukikipima. Kwa hiyo usishangae daktari akikuambia kipimo cha umeme wa neva na misuli kifanyike baada ya wiki tatu hivi. Ukikimbilia kipimo siku ya nne, unaweza kupewa majibu yanayokufariji bure.

Kuna jambo jingine katika kipimo hicho ambalo huwachanganya hata wahudumu wa afya. Mgonjwa hasikii chochote mkononi, unamchoma sindano anakutazama tu, halafu majibu yanasema neva za hisia ziko sawa. Watu wanafurahi. Kumbe hiyo ni habari mbaya. Seli za neva za hisia hazikai ndani ya uti wa mgongo. Zinakaa kwenye kifundo kidogo pembeni yake. Mzizi uking'oka upande wa ndani wa kifundo hicho, seli hizo zinabaki zimeungana na mkono, nyuzi zake hazifi, na umeme unapita vizuri. Njia ya kwenda kwenye ubongo ndiyo haipo tena.

Mabadiliko ya kwanza ninayotafuta hayapo mkononi kabisa. Natazama jicho. Kope ya upande ulioumia ikiwa imeshuka kidogo, mboni ikiwa ndogo kuliko ya pili, na upande huo wa uso ukiwa mkavu huku mwingine unatoka jasho, ujue mzizi wa chini kabisa umeumia karibu sana na uti wa mgongo, maana nyuzi zinazoendesha kope na mboni zinapita pale. Familia nyingi hudhani ni kiharusi, au kwamba jicho nalo liligonga lami. Jicho lenyewe ni zima, na uoni wake haujapungua kwa sababu hiyo. Kisha nauliza kuhusu pumzi. Neva inayoendesha kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, inatoka jirani na mizizi ya juu ya mkono. Ikiumia, nusu moja ya kiwambo inapanda na kubaki juu. Kijana mwenye mapafu mazuri anaweza asigundue mpaka siku atakapopanda na ndoo kwenye miamba ya Mabatini na kukuta pumzi imekata mapema kuliko zamani. Mwambie daktari jambo hilo kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu linaamua ni neva zipi zinaweza kuazimwa.

Sasa msuli. Msuli usio na neva haupati amri, na msuli usiopata amri husinyaa, haijalishi mgonjwa anakula sato wangapi. Wiki chache za mwanzo bado hauoni. Kufikia mwezi wa pili au wa tatu ule mviringo wa bega umekwisha, ncha ya mfupa inachomoza, na ukimgeuza mgonjwa unaona shimo juu na chini ya mgongo wa bapa la bega. Akisukuma ukuta, bapa lenyewe linaweza kuinuka na kutoka mgongoni, iwapo neva inayolibana kwenye mbavu nayo imeumia. Wamama wengi hulia wakiona hapo. Nawaambia ukweli: kusinyaa huku hakuna maana kwamba mkono unaoza, wala hakuna maana kwamba msuli umeshakufa. Msuli unaweza kungoja. Ila haungoji milele.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo natamani kila nyumba yenye mgonjwa wa aina hii iijue. Nyuzi za neva zinapoota upya husogea kwa wastani wa milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu kwa mwezi. Msuli usio na neva hubaki na uwezo wa kuipokea kwa takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Baada ya hapo nyama yake hugeuka mafuta na makovu, na hata neva ikifika haikuti wa kumwamsha. Kutoka shingoni hadi msuli unaokunja kiwiko ni kama sentimita 30, miezi kumi ya safari. Inawezekana. Kutoka shingoni hadi misuli midogo ya kiganja ni zaidi ya sentimita 60, karibu miaka miwili. Neva itafika imechelewa. Kwa hiyo mtu mzima aliyeumia mizizi ya chini vibaya simwahidi kurudiwa na kazi za vidole kama kufunga kifungo cha shati, na sipendi kusikia mtu mwingine akimwahidi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini madaktari wa upasuaji wanataka kumwona mgonjwa mapema, wamfanyie kazi ndani ya miezi mitatu hadi sita kama hakuna dalili ya kurudi. Upasuaji wa neva haufanyiki kila hospitali. Rufaa, bima, nauli, kitanda, vyote vinakula muda. Mgonjwa akifika hospitali ya rufaa ya Bugando mwezi wa kwanza, tuna nafasi ya kupanga. Akifika mwezi wa kumi na mbili baada ya kuzunguka kwa wataalamu wa kuchua, mlango mkubwa umeshafungwa. Sina ugomvi na mzee anayechua kwa mafuta. Mkono uliokandwa vizuri unapungua uvimbe na mgonjwa analala. Ugomvi wangu ni pale anaposema "ngoja miezi sita mishipa ishuke", au anapovuta bega kwa nguvu akidai linarudi mahali pake. Na zile mashine ndogo za kupiga umeme misuli zinazouzwa kwa bei ya ng'ombe wawili, sijaona sababu ya familia kuuza ng'ombe kwa ajili yake. Haziharakishi neva iliyokatika kiasi cha kubadilisha hesabu ile.

Bega lina tatizo lake la pekee. Mfupa wa mkono wa juu haujaingia ndani sana kwenye kiungo cha bega. Umeshikiliwa pale na misuli. Misuli ikilala, uzito wa mkono unauvuta chini. Mkono mmoja ni karibu asilimia 5 ya uzito wa mwili, kwa hiyo kijana wa kilo 70 ananing'iniza kilo tatu na nusu kwenye kano na ngozi, mchana kutwa. Mkalishe kwenye kiti, mkono uning'inie, kisha weka kidole chako chini ya ncha ya mfupa wa bega. Utahisi mwanya. Wakati mwingine kidole kizima kinaingia. Sasa shika kiwiko ukiinue taratibu, na utahisi mwanya unafungwa chini ya kidole chako. Wagonjwa wengi hushusha pumzi hapo hapo, kwa sababu maumivu ya juu ya bega yanapungua.

Dawa yake ni kuubeba mkono. Khanga inatosha, mradi ibebe kiwiko na mkono wa chini pamoja. Ikishika kifundo cha mkono peke yake, kiwiko kinaendelea kudondoka na shingo inaumia bure. Akilala, mto uwe chini ya mkono. Anapoinuka kitandani asivutwe mkono ule hata siku moja. Mkumbatie kiunoni au mshike upande mzima. Nasema hivi kwa sababu nimeona ndugu wenye nia njema kabisa wakimnyanyua mgonjwa kwa mkono uliolala, kwa hoja kwamba "huo si haumuumi".

Viungo navyo vinakakamaa, na hili ndilo badiliko ambalo liko mikononi mwenu. Kiungo kisichosogezwa hufunga: utando unaokizunguka unajikunja, kano zinafupika, uvimbe unageuka kuwa kitu kigumu. Wiki chache zinatosha. Bega hujifunga likiwa limegeukia ndani, mkono umelala tumboni, na baadaye hata msuli ukirudi hauna pa kuuzungusha. Vidole ni vibaya zaidi. Vifundo vya pale vidole vinapoungana na kiganja hukakamaa vikiwa vimenyooka, vile vya katikati vikiwa vimekunjika, na ule mkunjo wa ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada unakaza mpaka gumba haliwezi kutanuka kushika hata chupa ya soda. Nimewahi kumpokea mvuvi ambaye neva yake ilirudi. Msuli ulikuwa unacheza chini ya ngozi, unauona kabisa, na vidole havisogei kwa sababu vifundo vilishafunga. Miezi yote ile mkono ulikuwa ndani ya kitambaa, umetunzwa kama mgeni. Hakuna aliyewaambia waukunje.

Kwa hiyo asubuhi na jioni, kwa mkono mzima au kwa msaada wa mtu wa nyumbani, kila kiungo kisogezwe taratibu mpaka kinapoishia. Kiwiko kikunjwe na kunyooshwa. Kiganja kigeuzwe kutazama juu na chini. Vidole vikunjwe vyote kuanzia kwenye kifundo cha chini kabisa, gumba litanuliwe, na bega lizungushwe kwenda nje huku kiwiko kimebanwa ubavuni. Mkono usiinuliwe kupita usawa wa bega mpaka mfundishwe namna ya kulisogeza bapa pamoja nao, maana bega lisilo na misuli hubanwa kirahisi. Taratibu maana yake ni taratibu. Mgonjwa hasikii, kwa hiyo hawezi kukuambia umezidisha. Na aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa neva asianze chochote kabla ya ruhusa ya aliyempasua, kwa kawaida wiki tatu hivi.

Kuhusu ngozi watu huniletea maswali ya ajabu, na mimi nayapenda. Neva za mkono hubeba pia nyuzi zinazoamrisha tezi za jasho na mishipa midogo ya damu. Zikikatika, ngozi haitoi jasho. Inakuwa kavu, laini isivyo kawaida, inang'aa. Vinyweleo vinaweza kupungua au kuongezeka, kucha zinaota polepole, zinapinda, zinapata mistari. Jaribu hili nyumbani: mwambie mgonjwa atumbukize mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Ncha za vidole vya mkono mzima zitajikunja kama tunavyojua sote tuliofua nguo. Za mkono usio na neva zitabaki nyororo. Kujikunja kule hakutokani na maji kuingia kwenye ngozi tu, kama wengi wanavyodhani. Kunaendeshwa na neva zinazobana mishipa midogo ya damu. Daktari O'Riain aliandika kuhusu kipimo hiki mwaka 1973, na kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza wapi anasikia na wapi hasikii, beseni la maji linakupa jibu kabla hajaanza kulia.

Rangi nayo hubadilika. Siku za mwanzo mkono huweza kuwa wa moto na kuvimba, kwa sababu mishipa ya damu imelegea. Baadaye unakuwa wa baridi, wakati mwingine na weusi wa kibuluu kwenye kucha. Wavuvi wa dagaa wanaokesha ziwani wanalijua hili vizuri kuliko mimi: upepo wa alfajiri ukipiga, mkono ule unauma kwa ndani hata kama ukiushika hausikii. Soksi ndefu iliyokatwa ncha inasaidia. Maji ya moto hayasaidii, yanaunguza.

Na kuunguza ndiko kunakoniletea wagonjwa tena. Mkono usiosikia hauna wa kuuonya. Kuna dada muuza samaki wa kukaanga aliyekuja akiwa na malengelenge mgongo wa vidole, ameyaona wakati wa kuosha vyombo. Alikuwa ameegemeza mkono kwenye ukingo wa karai lenye mafuta akiongea na mteja. Harufu ndiyo iliyomshtua kwanza, akadhani ni samaki. Kikombe cha chai, bomba la moshi la pikipiki, bati lililochomwa na jua, mwiba wa mgongo wa sato, nailoni ya nyavu inayokata kidole: vyote hivyo hupita bila taarifa. Ngozi hiyo ikishakatika hupona polepole. Basi kila jioni mkono ukaguliwe pande zote, kati ya vidole na chini ya kucha, chini ya taa nzuri, kisha upakwe mafuta ya kawaida. Kucha zikatwe na mtu anayeona.

Mfupa unapungua uzito pia, maana mfupa huimarishwa na msuli unaouvuta. Haileti dalili, ila mgonjwa akianguka, upande ule unavunjika kirahisi.

Nimechelewa kufika kwenye maumivu, ilhali kwa wagonjwa wengi ndiyo habari ya kwanza. Watu hawaelewi mkono usiosikia unaumaje. Unauma sana. Mizizi iking'oka, zile seli ndani ya uti wa mgongo zilizozoea kupokea habari za mkono zinabaki bila habari, na zinaanza kupiga kelele zenyewe. Ubongo unasikia moto, kiganja kinachopondwa, halafu juu yake radi za umeme zinazopiga kwa sekunde chache na kuondoka. Utakuwa unaongea na kijana, katikati ya sentensi ananyamaza, anafumba macho, anashika kiti; anarudi kwenye mazungumzo kama hakuna kitu. Hayo si maigizo na wala si uvivu wa kufanya mazoezi. Panadol haigusi maumivu haya. Zipo dawa za maumivu ya neva, kama amitriptilini, gabapentini na pregabalini, ambazo daktari huanza kwa dozi ndogo na kupandisha, na hazionyeshi nguvu yake siku ya kwanza. Wengine wananiambia, "Mama, wakate tu nipumzike." Nawajibu kwamba maumivu haya hayakai mkononi. Ukiukata, yanabaki.

Kuna hisia nyingine isiyofaa kuchanganywa na hiyo. Ukigonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva na mgonjwa akasikia vijisindano vinavyokimbilia vidoleni, hapo ndipo zilipofika nyuzi zinazoota. Tinel wa Ufaransa na Hoffmann wa Ujerumani waliieleza dalili hii mwaka mmoja, 1915, wakati nchi zao zikipigana. Mwezi huu vijisindano viko chini ya mtulinga, mwezi ujao vimeshuka kwapani: hiyo ni habari njema. Visiposogea miezi kadhaa, uliza tena kuhusu upasuaji.

Mwili uliobaki nao haukai kimya. Mgonjwa huinamia upande mmoja, shingo inakaza, mwendo unabadilika kwa sababu mkono hauyumbi tena kufuatisha mguu. Bega zima linafanya kazi ya mabega mawili, na baada ya muda linaanza kuuma lenyewe. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba wapo wanaogeuza meno kuwa mkono wa pili, wanashika kamba na kufungua mafundo kwa meno, mpaka meno ya mbele yanalegea. Nawafundisha kubana kwa magoti, kwa kwapa, kwa ukingo wa mtumbwi.

Ubongo unabadilika pia, na hili bado linanishangaza. Kwa mgonjwa aliyehamishiwa neva za mbavu kwenye msuli wa kukunja kiwiko, dalili ya kwanza ya kurudi haiji akijaribu kukunja mkono. Inakuja akikohoa. Nakaa mbele yake, mkono wake juu ya mapaja, namwambia kohoa, na wote tunatazama ngozi ya juu ya msuli ikiruka. Akivuta pumzi ndefu inaruka tena. Miezi ya mwanzo anakunja kiwiko kwa kubana pumzi, uso umemjaa. Kisha polepole ubongo unajifunza kwamba neva ile haifanyi tena kazi ya kupumua, na siku moja anakunja mkono huku anaongea na simu. Kuna njia nyingine, ile ya daktari Mfaransa Oberlin ya mwaka 1994, inayoazima nyuzi chache za neva ya upande wa kidole kidogo kwa wale ambao kiganja chao bado kinafanya kazi; hapo mgonjwa mwanzoni anakunja kiwiko kwa kufumba ngumi. Mazoezi ya kipindi hiki ni ya akili kuliko ya misuli, yanachosha, na wengi wanaacha njiani kwa sababu hawaoni mtu akinyanyua chuma.

Kwa watoto wachanga mambo ni tofauti kidogo. Wengi hupona wenyewe, na tunaangalia msuli wa kukunja kiwiko: kama mtoto ana miezi mitatu na bado hakunji, apelekwe kwa mtaalamu bila kusubiri chanjo inayofuata. Mkono usiopona vizuri hukua mfupi kuliko wa pili.

Swali la mwisho huwa linaulizwa mlangoni, mkono mmoja tayari uko kwenye kitasa: "Naweza kurudi kwenye bodaboda?" Kwa mkono mmoja, hapana. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, wa kushoto una klachi, na bega lisiloshikiliwa likipita kwenye tuta linaruka nje ya mahali pake. Kama abiria, ndiyo, mkono ukiwa umefungwa kifuani ndani ya jaketi na usining'inie karibu na bomba la moshi. Wengine wameuza pikipiki wakafungua kibanda cha simu, wengine wamempa kijana mwingine aendeshe kwa hesabu ya siku. Hilo la pili ugomvi wake mnaujua wenyewe.